Fyuzi za Mwalimu

Hakuwahi kupiga simu kueleza tatizo. Alipiga kutoa jibu. "Pampu ni nzima," alisema, bila salamu, bila habari za asubuhi. "Kosa liko kabla ya swichi. Njoo na waya mita tatu." Kisha simu imekatwa. Mimi niko gereji, Gatsata, nimelala chali chini ya dashibodi ya basi dogo la mteja, bisibisi nimeiuma mdomoni. Yeye yuko Gahanga, upande wa pili kabisa wa mji, na kwa hesabu zake nitafika kabla chai haijapoa. Nikifika nakuta kosa liko baada ya swichi. Nikimwambia, ananitazama kama mimi ndiye niliyeliweka huko.

"Basi kosa limehama," anasema.

Nilimwita Mwalimu, au kwa kinywa chetu cha Kigali, Mwarimu, na hilo nalo lilikuwa kosa la kusahihishwa. Yeye alikulia Tanzania, akaja huku mtu mzima na Kiswahili chake kimenyooka kama kilichopigwa pasi. Sisi wa hapa Kiswahili tumekiokota sokoni na gereji. Neno moja, iko, linatutosha kwa mambo yote ya dunia. Siku moja niliona moshi ukitoka nyuma ya kabati, yeye amekaa mgongo wake ukiegemea kabati hilo hilo. Nikapiga kelele, "Mwarimu, toka! Ile waya iko moto!"

Hakutoka. "Ule waya u moto," alisema. "Waya mmoja, nyaya nyingi. Na ulimi uguse ufizi: Mwa-li-mu."

Niliuchomoa waya wa betri huku nikirudia ngeli. Hayo ndiyo yalikuwa maisha yangu kwake.

Alinifundisha fizikia sekondari nikiwa na miaka kumi na sita, dawati la pili, karibu na dirisha. Siku moja aliuliza darasa zima fyuzi inalinda nini. Wote tukasema taa. Alifunga kitabu, akakaa kimya mpaka kengele ikalia, na kesho yake akauliza tena swali lile lile. Siku ya tatu ndipo akatuambia. Fyuzi hailindi taa wala hailindi pampu. Inalinda waya. Ni kiuzi chembamba kilichowekwa makusudi kife kwanza, ili waya usigeuke jiko. Mwaka uliofuata niliacha shule nikaingia gereji, na katika yote niliyofundishwa darasani, hilo ndilo nililoondoka nalo.

Miaka mingi ilipita. Kisha simu ikaita, namba nisiyoijua. "Wewe ulikaa dawati la pili dirishani. Nasikia unafunga umeme wa magari. Njoo Gahanga."

Huko Gahanga nilimkuta anaishi ndani ya karavani. Ni kile kinyumba cha magurudumu ambacho wazungu hukikokota nyuma ya gari wakaenda kulala porini. Mume na mke waliokuwa wakizunguka Afrika walikifikisha Kigali, gari lao likawashinda, wakapanda ndege wakarudi kwao. Karavani ikakaa miaka kwenye ua wa mtu Nyarutarama, paka wakizalia chini yake, hadi Mwalimu alipoipata, akaivutisha mpaka kiwanjani kwake. Alikuwa amestaafu, mume alikuwa ameshafariki, na binti yake wa pekee alikuwa na nyumba kubwa huko huko Nyarutarama yenye chumba kilichokuwa kikimsubiri mama. Mwalimu hakukitaka chumba hicho. Kiwanja chake kilikuwa na msingi wa nyumba ulioota nyasi, na alisema ataulinda msingi wake akiwa juu ya ardhi yake.

Umeme wa gridi haukuwa umefika pale. Chini ya kiti cha kulalia palikuwa na betri ya wolti kumi na mbili, na juu ya paa paneli ya jua ya kuichaji. Kutoka kwenye betri, nyaya zilikwenda kwenye taa nne za dari, pampu ya maji, feni, na kijifriji cha ukubwa wa sanduku la shule. Wolti kumi na mbili watu huidharau, kwa kuwa ukiigusa huhisi chochote. Lakini betri hiyo ndogo ikikutana na waya mwembamba, na pasiwe na cha kuikata, itaupasha waya ule mpaka uwe mwekundu kama kaa.

Siku hiyo ya kwanza nilifungua kijikabati kilichoficha fyuzi. Zilikuwa sita, za vioo, za zamani. Tatu kati yake zilikuwa zimezungushiwa karatasi ya kung'aa, ile inayokuwa ndani ya pakiti ya majani ya chai.

"Mwarimu, hii ni nini?"

"Hizo ni fyuzi. Ziliungua, nikaziwekea daraja."

"Lakini wewe mwenyewe ulitufundisha..."

"Nilifundisha, na nimepiga hesabu. Pampu inavuta ampea nne. Waya ule unabeba kumi na tano. Niambie hatari iko wapi."

"Waya iko mzee."

"Waya ni mzee."

"Waya ni mzee! Umelika ndani, umekuwa kijani, haubebi tena hiyo kumi na tano yako!"

"Hesabu haizeeki," alisema, akanimiminia chai.

Chai yenyewe ilikuwa na tangawizi ya kumliza mtu. Niliinywa nikitokwa machozi, nikatoa karatasi zote, nikaweka fyuzi mpya za kipimo chake. Wiki tatu baadaye nilikuta karatasi zimerudi. Nikaziondoa. Zikarudi. Sijui alikunywa pakiti ngapi za chai mwanamke yule.

Alikuwa na mwandiko mzuri, na huo nao ulinitesa. Kila waya aliuandikia karatasi ndogo, akaifunga kwa uzi: PAMPU, FENI, TAA YA MLANGONI. Mtu angeona akadhani amefika mbinguni. Ila Mwalimu alikuwa akihamisha nyaya kila alipopata wazo jipya, na karatasi hakuzihamisha. Nilifuata waya wa FENI kwa saa nzima, kupitia nyuma ya jiko, chini ya sakafu, mpaka nikatokea kwenye friji.

"Ulikuwa wa feni," alisema.

"Sasa mbona hukubadilisha?"

"Niliukumbuka."

Halafu alishika tochi. Hakukubali niishike mwenyewe. Alisimama nyuma yangu, akamulika ninachofanya kwa dakika moja, kisha swali likamjia, tochi ikaenda na swali. Mimi nabaki gizani, nimeshika nyaya mbili zisizotakiwa kugusana, naye anauliza kwa nini sisi mafundi tunasokota waya kulia na si kushoto. Ukijibu "ndivyo tulivyozoea", umeharibu asubuhi. "Toa sababu," alikuwa akisema. Hakuna neno lililotoka kinywani mwake mara nyingi kuliko hilo. Alituambia mafundi, aliliambia kanisa, na siku ya umuganda, ile kazi ya pamoja ya mtaa, aliwaambia watu hamsini wenye majembe waliokuwa wakichimba mtaro upande ambao yeye aliona maji hayataupita. Mtaro uliishia pale alipotaka yeye. Na maji yalipita, lazima niseme.

Kilichonichosha kuliko vyote ni ukarimu wake, maana huo ndio uliokuwa ukiunguza fyuzi. Betri ile ilimtosha yeye peke yake, na hakuwahi kukubali kuwa peke yake. Wajenzi wa nyumba za jirani walikuja kuchaji simu. Aliwapangia zamu kwenye karatasi, jina na saa, kama ratiba ya mtihani. Msichana mmoja aliyekuwa akishona shuka za kuuza aliwekewa taa ya ziada dirishani ili ashonee pale. Kila mara nilikuta waya mpya umeongezwa kwenye fyuzi ile ile. Nilisema, "Mwarimu, kila mtu awe na fyuzi yake." Alisema, "Watu wenyewe ni wale wale." Hiyo ilikuwa sababu gani? Yeye angeniadhibu kwa jibu kama hilo.

Siku moja aliniomba balbu mbili za taa za nyuma za gari, zile zinazopata moto sana. Nilimuuliza za nini. Alisema za mwanga. Nikampa. Mpaka leo najiuliza kwa nini siku hiyo sikusema mimi, toa sababu.

Jirani yake mmoja, mama mfugaji, alikuwa amepata vifaranga vya siku moja, na msimu ulikuwa wa baridi na mvua. Mwalimu alitoboa ukuta wa karavani kwa msumari, akapitisha waya wa spika, mwembamba kama kamba ya kiatu, akauvusha juu ya nyasi mpaka bandani, akazifunga balbu zangu mbili juu ya vifaranga. Ukuta wa karavani ni bati, na tundu la msumari lina meno. Upepo ulivuma, waya ukasugua kwenye tundu siku tisa. Siku ya kumi, saa saba mchana, meno yakakata mpira wa pande zote mbili. Nyaya zikagusana. Na fyuzi ya laini hiyo ilikuwa imevaa karatasi ya chai.

Simu yangu iliita. "Nyaya mbili zimegusana pale zinapotoka ukutani. Njoo."

Ile ndiyo mara ya pekee jibu lake lilikuwa sahihi.

Nilifika kwa pikipiki. Pazia lilikuwa majivu, ukuta wa ndani mweusi kwa moshi, na sakafu imejaa udongo. Mwalimu alikuwa amekaa kwenye kigoda nje, mgongo wima, mkono wa kulia ndani ya beseni la maji. Kwenye simu hakuutaja huo mkono. Jirani mwenye kuku ndiye aliyenieleza; yeye alimwita mukecuru, bibi kizee.

"Yewe! Mukecuru alishika ile waya na mukono! Iko nyekundu kabisa, na yeye anashika, anavuta! Mimi nasema achia, yeye anasema wewe rusha udongo!"

Kama asingeuvuta, karavani nzima ingewaka. Hilo nilijua. Na kama asingeivisha fyuzi karatasi, asingekuwa na cha kuvuta. Hilo pia nilijua.

Binti yake alifika kutoka Nyarutarama, akampeleka kituo cha afya, wakarudi alasiri mkono umefungwa bendeji mpaka kwenye kifundo. Mama akaketi tena kwenye kigoda chake, akakataa kuingia garini. Binti akanivuta pembeni, nyuma ya mahindi. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Fundi, nakuomba kitu kimoja. Mwambie haitengenezeki. Mimi nikisema hanisikii. Wewe umekuwa mwanafunzi wake, atakuamini."

"Huo utakuwa uongo, dada."

"Kwani ukweli utamfanya nini? Utamzika?"

Nilifikiria kutoka Gatsata mpaka Gahanga mara ngapi, karatasi ngapi za chai, na simu itakayokuja siku nyingine nikute beseni halina mtu pembeni yake. Nikaenda nikasimama mbele ya Mwalimu.

"Mwarimu, hii karavani imekwisha. Haiwezekani kutengeneza."

Aliinua macho. "Toa sababu."

"Nyaya zote ziko mbaya."

"Nyaya hubadilishwa."

"Fyuzi ni za zamani, hazipatikani."

"Weka za kisasa. Gari gani hapa Kigali halina?"

"Ukuta umeungua."

"Kiasi gani?"

Niligeuka nikautazama ukuta.

"Ulipima?"

"Kiganja," nilisema.

"Kiganja kimoja." Aliitikia kwa kichwa, akasubiri. Mimi nina gereji yangu, nina watoto wawili wakubwa, nina mvi. Nilisimama pale jasho likinitiririka kama nimeitwa ubaoni. Binti alinitazama. Jirani alinitazama. Mwalimu alisubiri tu, uso wake mtulivu, mkono wake mkubwa mweupe umelala mapajani.

"Inatengenezeka!" nililipuka. "Siku mbili tu, inatengenezeka yote! Wewe ndiye usiyetengenezeka!"

Jirani aliziba mdomo. Binti alisema, "Fundi!" kwa sauti ndogo. Mwalimu akainama akachukua mkoba wake kwa mkono wa kushoto, akatembea mwenyewe mpaka kwenye gari la binti yake, akaketi nyuma. Hakuangalia karavani. Hata mlango hakuufunga. Niliufunga mimi, baada ya gari kuondoka, na jirani akanisaidia kuuvuta kwa sababu bawaba zilikuwa zimeshika kutu.

"Umemuua mukecuru," aliniambia.

"Nimemwokoa," nilisema. Sikuwa na hakika.

Miezi minne simu yake haikuita. Kazi zangu zilikwenda bila kukatizwa, nilifunga magari mawili kwa siku, nilikula chakula cha mchana kikiwa cha moto. Nilikuwa mtu wa hasira kila siku ya miezi hiyo. Mke wangu aliniambia niende Nyarutarama nikaombe radhi. Nilikwenda mara moja. Mlinzi alisema mama amepumzika. Nilifurahi aliponizuia, nikarudi nimejidharau.

Nitasema hapa mambo yalivyoishia, ili mtu asibaki na wasiwasi. Mwalimu alirudi Gahanga. Karavani ina sanduku la fyuzi jipya, limefungwa karibu kabisa na betri, kila laini na fyuzi yake, banda la kuku likiwa na yake, na nyaya ni nene kuliko inavyohitajika. Aliishi humo miaka miwili mingine, mpaka vyumba viwili vya nyumba yake vilipoezekwa na umeme wa gridi ukafika. Karavani sasa ni chumba cha wageni. Binti yake huja siku za Jumapili na wanagombana vizuri. Simu zake kwangu zimepungua, na za sasa ni za kuniambia jinsi ya kufunga magari ambayo hajawahi kuyaona.

Lakini ninapomfikiria, simuoni huko. Namuona asubuhi aliyokuja Gatsata, mwisho wa miezi ile minne.

Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha, na gereji zetu zote zilikuwa tope na oili. Gari la binti yake lilisimama barabarani juu, halikuweza kushuka. Mwalimu alishuka kwa miguu, viatu vya kanisani, dereva akimfuata nyuma na mwavuli usiomfikia. Mafundi ambao hawamjui waliacha spana wakasimama. Nilikuwa nimeng'oa kiti cha basi dogo nikakiweka nje. Akakichagua mwenyewe, akaketi juu yake kama kiti cha ofisi.

Niliuona ule mkono. Bendeji ilikuwa imetoka, ngozi ya kiganja iling'aa, na vidole viwili havikukunjika tena.

"Mwarimu," nilisema, "nisamehe kwa yale maneno."

"Yalikuwa maneno matatu," alisema, "na ngeli zote zilikuwa sawa. Nilishangaa." Hakucheka. "Sikuja kwa ajili hiyo. Kaa."

Nilikaa kwenye tairi. Akautazama ukuta wangu, zile nyaya za kila rangi zilizoning'inia kwenye misumari.

"Shuleni kwetu," alisema, "maabara ilikuwa na kipimo cha umeme kimoja. Wavulana walikishika. Sisi wasichana tuliandika majibu. Chuoni ilikuwa vile vile. Nilipoanza kufundisha, vifaa vilikuwa kabatini, na ufunguo alikaa nao mkuu wa shule, visije vikavunjika. Miaka thelathini na moja nimechora betri kwa chaki. Ile ya Gahanga ndiyo ya kwanza niliyoifunga kwa mikono yangu."

Nilikumbuka karatasi za chai, waya wa spika, maandishi yale mazuri, na jinsi alivyokuwa akisimama nyuma yangu na tochi.

"Mbona hukuniambia?"

"Mwalimu anaanzaje kumwambia hivyo mwanafunzi wake?" Aliutandaza mkono wa kushoto, ule mzima, juu ya goti. "Nifundishe kukaza kichwa cha waya. Kile cha bati, mnachobana kwa koleo. Vya kwangu vyote vilikuwa vikichomoka."

Nikaleta koleo, waya, na kopo la vichwa vya waya. Nikamwonyesha mara moja: menya mpira bila kukata nyuzi za ndani, sokota, ingiza, bana, vuta. Akachukua. Alimenya akakata nusu ya nyuzi. Nikamwambia. Akasema koleo langu lina pengo. Akamenya tena, akakata zote. Akasema waya wangu ni wa bei rahisi. Alikuwa akifanya kwa mkono ambao haukuwa wake wa kazi, huku ule wa kulia ukijaribu kushikilia kwa vidole vitatu, na kila mara alipobana, alibana pembeni. Nilivuta, kikatoka. Nilivuta, kikatoka. Nilisikia mikono yangu ikiwasha kwa hamu ya kumpokonya. Sekunde nne ningekuwa nimemaliza! Niliikalia mikono yangu juu ya tairi. Mafundi wenzangu walikuwa wamejikusanya, mmoja akafungua mdomo amshauri, nikamtazama akaufunga.

Vichwa vinane viliishia matopeni. Kwa kile cha tisa hakubishana. Alimenya polepole, akahesabu nyuzi kwa sauti, akasokota, akaingiza, akageuza koleo kidogo, akabana mpaka koleo likalia.

"Vuta," alisema.

Nilivuta. Hakikutoka.

"Vuta kama mtu anayetaka kitoke."

Nikasimama. Nikauzungusha waya kwenye kiganja changu mara mbili, nikakita mguu kwenye tope, nikavuta kwa nguvu zangu zote. Kiti cha basi kikaanza kuteleza kuja upande wangu, na Mwalimu juu yake, viatu vya kanisani vikichora mistari miwili matopeni, amekikamata kile kichwa cha bati kwa mkono wake wa kushoto, na waya haukutoka.